Jinsi ya Kuwa Dereva wa NASCAR, Ukianza na Kuchagua Baba

Anza kwa kuchagua baba. Wengi huliacha jambo hili hadi wakati umewapita, kisha wanabaki kushangaa mbona hakuna timu inayowapigia simu. Kazi ninayoiandikia mwongozo huu ni ya kuendesha magari ya stoku katika mbio za NASCAR huko Marekani, yale magari mazito yenye sura ya gari la dukani na injini ya kutisha. Katika kazi hiyo baba anahitajika kabla ya helmeti. Utacheka, lakini nasema kwa dhati, na orodha ya mabingwa ndiyo shahidi wangu.

Richard Petty alichagua vizuri. Baba yake, Lee Petty wa North Carolina, alikuwamo katika mbio za kwanza kabisa za daraja la juu la NASCAR, zilizofanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949, akiendesha Buick ya kuazima. Aliipindua. Hakukata tamaa: alitwaa ubingwa mara 3, na mwaka 1959 akashinda mbio za Daytona 500 za kwanza, baada ya wakubwa wa mashindano kukagua picha kwa siku tatu ili wajue ni gari gani lililotangulia kuvuka mstari. Mwanawe alikuta karakana nyumbani, mdogo wake mwenye mkono wa injini, binamu mwenye akili ya kupanga mbio, na jina ambalo kila muuza vipuri alilijua. Mengine aliyatafuta kwa jasho lake, na akayapata: alishinda mbio 200 na ubingwa 7, na katika msimu wa 1967 pekee alishinda mara 27, mara 10 kati ya hizo zikifuatana bila kukatika. Anayemfuata katika historia, David Pearson, ana 105.

Ila baba wa namna hii huja na masharti yake. Mwezi Juni 1959, katika uwanja wa Lakewood pale Atlanta, kijana Richard alipungiwa bendera ya ushindi. Kuna mtu akapinga matokeo na kudai mizunguko ihesabiwe upya. Mtu huyo alikuwa baba yake mzazi. Walipohesabu, ikaonekana mzee ndiye aliyeshinda, na zawadi ikahamia kwake. Kama huwezi kula chakula cha jioni meza moja na mtu aliyekunyang'anya ushindi mchana, tafuta kazi nyingine.

Kama umeshazaliwa, na baba yako ni mwalimu au mkulima, bado zipo njia. Ya zamani kuliko zote ni kusafirisha gongo.

Mchezo huu ulikulia katika milima ya Kusini mwa Marekani, ambako watu walipika pombe msituni na kuipeleka mjini usiku, maofisa wa kodi wakiwa nyuma yao. Gari la kazi hiyo lilipaswa kuonekana la kawaida kabisa. Chini ya boneti kulikuwa na injini iliyochokonolewa, na nyuma kulikuwa na springi ngumu ili mzigo usilibonyeze gari na kulisaliti. Jumapili, vijana walewale walikutana shambani kuamua nani ana mbio zaidi. Mwezi Desemba 1947, Bill France aliwakusanya waandaaji wa mbio katika hoteli ya Streamline, Daytona Beach, wakatunga kanuni na chama. Hata hivyo gongo halikutoka mara moja. Katika zile mbio za 1949 aliyetangulia kufika ni Glenn Dunaway, lakini wakaguzi walipoinama chini ya gari lake walikuta springi za wasafirisha pombe. Ushindi akapewa Jim Roper wa Kansas.

Mhitimu mkubwa wa chuo hicho ni Junior Johnson wa kaunti ya Wilkes, North Carolina. Barabarani hawakumkamata hata mara moja. Walimkamata mwaka 1956 akiwa kwa miguu, kwenye mtambo wa baba yake, na akatumikia miezi 11 katika gereza la Chillicothe, Ohio. Alitoka, akarudi kwenye usukani, akashinda mbio 50. Huyo ndiye aliyegundua pale Daytona mwaka 1960 kwamba gari dhaifu likijibana nyuma ya gari kali, upepo uliokwisha kupasuliwa na la mbele hulivuta la nyuma. Kwa maarifa hayo alishinda Daytona 500 akiwa na gari lililoachwa mbali na wenzake kwa nguvu. Rais Reagan alimsamehe kosa lake mwaka 1986, na mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa watu watano wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa NASCAR.

Sasa hapa inabidi mwongozo uulize rangi yako, kwa sababu mchezo wenyewe uliuliza. Wendell Scott wa Danville, Virginia, alikuwa na sifa zote zilizompandisha Johnson. Alikuwa fundi wa magari jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaendesha teksi, akasafirisha gongo, akakimbizwa na polisi. Mwandaaji wa mbio wa hapo mjini alipotaka dereva mweusi wa kuvuta watazamaji, aliwauliza polisi ni nani mwenye mbio kati ya watu weusi, nao wakamtaja Scott. Barua ya utambulisho bora kuliko hiyo siijui. Alianza mwaka 1952. Alijenga injini zake mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumiwa na wengine, wanawe wakiwa ndio mafundi wake, na akaendesha karibu mbio 500 za daraja la juu.

Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa udongo, Scott alimpita Richard Petty ambaye gari lake lilikuwa likimsumbua, akaendelea kuongoza. Akamaliza mizunguko 200 na bendera haikuinuliwa. Akaendelea. Bendera ikaja kumwangukia Buck Baker, ambaye alikuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili mizima, na Baker ndiye aliyepewa kombe, akapigwa picha, akapongezwa na mrembo wa mashindano. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshaondoka, wasimamizi walikiri kwamba hesabu ilikosewa na mshindi ni Scott. Hela alipewa. Kombe lenyewe lilikuwa limeshakwenda na Baker. Scott alifariki mwaka 1990, akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2015, na NASCAR iliikabidhi familia yake kombe la mbio zile Agosti 2021, miaka 58 kasoro miezi michache baada ya siku yenyewe. Muda mfupi baadaye, Oktoba 2021, Bubba Wallace alishinda Talladega na kuwa mtu mweusi wa pili kushinda katika daraja la juu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana mweusi anayetaka kazi hii ni kwamba asishinde kwa mzunguko mmoja tu. Ashinde kwa miwili, na mtu wake wa kuhesabu aandike kila kitu kwa kalamu. Scott alishinda kwa miwili na bado haikutosha siku ile, lakini ndiyo iliyowafanya washindwe kukataa baadaye.

Kwa wakati wetu gongo halisaidii tena. Kinachotakiwa ni pesa za mtu mwingine. Mtoto huanzia kwenye vigari vidogo akiwa na miaka mitano au sita, akapanda hadi magari makubwa ya viwanja vya mitaani, kisha mashindano ya ARCA, kisha mashindano ya pikapu ambako kwenye viwanja vifupi wanampokea akiwa na miaka 16, kisha daraja la pili, ndipo afike juu. Kila ngazi inakula matairi, injini, mafundi na lori la kubebea gari. Wazazi wa Jeff Gordon walihama kutoka California hadi Indiana ili mtoto wao apate viwanja ambavyo havikujali umri wake. Carl Edwards, aliyekuwa mwalimu wa muda shuleni, alichapisha kadi zenye jina lake na kumgawia kila mtu aliyehisi ana gari. Msidharau kadi. Edwards alifika hadi juu kabisa na kushinda mbio 28.

Kuna njia mpya ambayo inanifurahisha kwa sababu inagharimu kidogo: kompyuta na usukani wa mezani. William Byron alijifunza kwa mbio za kuigiza kwenye skrini kabla ya kukalia gari la kweli akiwa kijana tayari, na ameshinda Daytona 500 mwaka 2024 na tena 2025. Rajah Caruth, kijana mweusi aliyekulia Washington, alipita njia hiyohiyo na mwaka 2024 alishinda mbio za pikapu pale Las Vegas. Na mzazi anayefoka kwamba gemu linampotezea mtoto muda asimuliwe habari ya Ross Chastain, mtoto wa wakulima wa matikiti maji wa Florida. Oktoba 2022, Martinsville, mzunguko wa mwisho, alihitaji kupita magari mawili ili aingie fainali ya ubingwa. Alikumbuka alichokuwa akifanya utotoni kwenye gemu: akatia gia ya tano, akakanyaga mafuta hadi chini, akalibandika gari ukutani na kuuacha ukuta wenyewe umpitishe kona. Akawapita watano. Mwaka uliofuata NASCAR ilitangaza kwamba mtu mwingine akithubutu ataadhibiwa, kwa hiyo mbinu hiyo imekwisha. Wewe tafuta nyingine.

Ukishapata kiti, jifunze kukata kushoto. Watu husema hii ni kazi rahisi kwa sababu viwanja vingi ni duara na kona zote ni za upande mmoja. Basi waje Bristol, Tennessee. Uwanja una urefu wa nusu maili na ushei, mizunguko ni 500, kila mzunguko una ncha mbili za kugeuza. Hizo ni kona 1000 kwa jioni moja, na magari mengine 30 na zaidi yakiwa kwenye kisahani hichohicho. Au waende Daytona, ambako kona imeinuliwa nyuzi 31 na magari huenda karibu kilomita 300 kwa saa yakiwa yamegusana bampa. Ndani ya gari joto hupita nyuzi 50. Mbio za Charlotte za mwezi Mei ni maili 600, karibu kilomita 965, na mtu hatoki kwenda haja. Hakuna hata mlango wa kutokea. Unaingia na kutoka dirishani.

Ujuzi wenyewe uko kwenye makalio kuliko mikononi. Uzito wote kwenye kona hukimbilia kulia, na tairi la mbele la kulia ndilo linaloumia kwanza. Kadiri matairi yanavyochoka, gari hubadilika tabia: ama pua inagoma kugeuka na linakuvuta kwenda ukutani, ama mkia unateleza na kutaka kukupita. Dereva mzuri hulihisi badiliko hilo mapema na kulieleza redioni kwa maneno machache ambayo fundi mkuu anaweza kuyafanyia kazi: mwanzo wa kona, katikati, au wakati wa kutoka. Fundi naye ataongeza au kupunguza upepo kwenye tairi moja, au kumwagiza mtu achomeke spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma na kuzungusha nusu duru. Hiyo tu. Gari lililokuwa linakuua linatulia. Alan Kulwicki alikuwa bingwa wa lugha hiyo, na nitamrudia.

Msomaji aliyekulia na Safari Rally amezoea kumwona dereva na msomaji wa njia wakiwa ndani ya gari moja. Hapa uko peke yako, umefungwa mikanda hata shingo haigeuki. Macho yako mengine yako juu ya paa la jukwaa, kwa mtu anayekunong'oneza redioni kwamba kuna gari upande wa ndani, bado lipo, bado lipo, umepita. Mheshimu huyo kuliko mjomba wako. Wapende pia watu watano wanaoruka ukuta kila unaposimama. Mmoja anainua upande mzima kwa jeki, wawili wanafungua na kufunga nati, mmoja anabeba matairi, mmoja anamimina mafuta, na ndani ya sekunde kumi hivi matairi yote manne ni mapya. Wengi wao walicheza futiboli ya Kimarekani vyuoni. Brehanna Daniels, aliyecheza mpira wa kikapu chuoni, alianza kubadilisha matairi katika daraja la juu mwaka 2018, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Kazi yako wakati huo ni kusimama ndani ya mistari na kuondoka bila kumkanyaga mtu.

Jifunze na kuongea. Ukishinda, kabla hujafuta jasho utatakiwa kumshukuru mtengenezaji wa gari, mwenye mafuta, mwenye matairi na kampuni iliyopaka jina lake kwenye boneti. Kisha mtu wa habari ataleta mrundo wa kofia, na utapigwa picha ukivaa moja, ukaivua, ukavaa nyingine, kofia moja kwa kila mdhamini, tabasamu lilelile. Usinune. Petty mwenyewe, mfalme wa mchezo, alikaa mezani na kampuni ya STP mwaka 1972 wakivutana juu ya rangi: wao walitaka gari jekundu, yeye alitaka buluu ya nyumbani kwao. Wakaishia kupaka rangi zote mbili, na gari hilo likawa maarufu kuliko yote. Na jenga nyumba yenye dari la juu, maana mshindi wa Martinsville hapewi kikombe bali saa ya kusimama iliyomzidi urefu mtu mzima. New Hampshire watakupa kamba koche aliye hai.

Nilisema nitamrudia Kulwicki. Alitoka Wisconsin, kaskazini, na shahada ya uhandisi, akauza karibu kila alichokuwa nacho na kuhamia Charlotte katikati ya miaka ya 1980, kisha akaendesha timu yake mwenyewe ya watu wachache. Junior Johnson, wakati huo tajiri mwenye timu kubwa, alimwita akaendeshe gari lake. Kulwicki alikataa. Msimu wa 1992, mbio 6 zikiwa zimebaki, alikuwa nyuma kwa pointi 278 na magazeti yalikuwa yameshamzika. Alifika mbio za mwisho, Atlanta, akiwa bado na nafasi, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Bill Elliott katika gari la Johnson huyohuyo. Elliott alishinda mbio. Kulwicki akawa wa pili. Lakini fundi wake mkuu alikuwa amepiga hesabu na kumwacha nje akiongoza hadi mzunguko uliotakiwa, ndipo akamwita kutia mafuta: Kulwicki aliongoza mizunguko 103, Elliott 102. Pointi 5 za aliyeongoza zaidi zikaenda kwake, na akawa bingwa kwa tofauti ya pointi 10. Mzunguko mmoja tu ungehamia upande wa pili wangelingana, na Elliott angechukua ubingwa kwa wingi wa ushindi. Kisha Kulwicki akafanya alichokuwa amekianzisha miaka minne nyuma alipopata ushindi wake wa kwanza: akageuza gari na kuuzunguka uwanja kwa mwelekeo wa kinyume, akikata kulia, ili dirisha lake lielekee kwa watazamaji. Miezi minne na nusu baadaye alikufa katika ajali ya ndege akiwa na miaka 38. Kwa maoni yangu hakuna dereva katika historia ya mchezo huu anayestahili kusomwa kuliko yeye, na kama ukichukua somo moja tu humu, chukua lake: jua hesabu kabla hujakanyaga mafuta.

Sasa kichwa chako. Hapa sitaki ucheke. Kati ya Mei 2000 na Februari 2001, miezi tisa, NASCAR ilizika madereva wanne. Wa kwanza alikuwa Adam Petty, kitukuu wa Lee, mjukuu wa Richard, miaka 19. Wa mwisho alikuwa Dale Earnhardt, bingwa mara 7, aliyegonga ukuta wa Daytona kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho. Gari likisimama ghafla, mwili unashikwa na mikanda na kichwa kinaendelea na safari; fuvu huvunjika pale linapokaa juu ya shingo. Dawa yake ilikuwepo tayari, kola ngumu ya mabegani iliyofungwa kwenye helmeti kwa kamba mbili, lakini wengi waliiona inabana. Oktoba 2001 ikawa lazima. Mwaka uliofuata Indianapolis ikaweka mbele ya zege ukuta wa chuma wenye povu gumu nyuma yake, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, na viwanja vingine vikafuata. Tangu Earnhardt, hakuna dereva aliyekufa katika mbio za daraja la juu. Februari 2020 gari la Ryan Newman lilipaa na kupigwa likiwa kichwa chini pale Daytona, na siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu yake, ameshikana mikono na binti zake wawili. Vaa kola. Kaza mikanda hadi ulalamike, halafu kaza tena.

Lakini kola haizuii ubongo kutikisika. Dale Earnhardt Jr., ambaye baba alimpa kila kitu ikiwa ni pamoja na uzito wa jina, aligonga ukuta mara nyingi na kwa muda mrefu aliandika dalili zake kwa siri kwenye simu. Mwaka 2016 macho na mizani yake vilimgomea, akakaa nje nusu nzima ya msimu, na mwaka uliofuata akastaafu. Baadaye aliyatoa yote kitabuni ili wengine wasifiche. Ukiona taa zinakuchoma macho, ukisahau njia ya kurudi hotelini, ukimkaripia mtoto bila sababu siku mbili baada ya ajali, usiandike kwenye simu. Mwambie daktari siku hiyohiyo, hata kama Jumapili ijayo ni Daytona.